Cherehani Aliyoichagua Taoriba

Kila Jumamosi, nikimaliza kufagia kanisa, napita nyumbani kwa kaka yangu Ruteru. Nafunua cherehani ya marehemu mke wake, natia tone moja la mafuta kwenye kila tundu, nazungusha gurudumu mara kumi, kisha naifunika tena kwa mkeka. Ruteru haniulizi kitu. Ananimiminia kikombe cha sharubati ya mnazi, tunakunywa, naenda zangu.

Ni miezi mitano tangu Mungu amchukue wifi yangu Taoriba. Wanawake wa kanisa wameniomba niandike habari zake kwenye kitabu cha umoja wetu, na najua wengi wanangoja kusoma habari za jiko. Ni kweli, kwa miaka ishirini na miwili aliwapikia watoto wa bweni la sekondari hapa kisiwani Abaiang, na hakuna sherehe iliyofanyika kijijini bila yeye kuwa nyuma ya moshi. Lakini hayo kila mtu anayajua. Mimi nitaandika habari ya cherehani, kwa sababu nilikuwepo, na kwa sababu sehemu yake inanihusu na bado inaniuma.

Ilianzia kwenye kikao cha wanawake, ndani ya maneaba, ukumbi wetu mkubwa ambamo mtu akitamka neno mbele ya watu hawezi kulirudisha mdomoni. Tulikuwa tunapanga sikukuu ya jubilei ya kanisa. Kitambaa kilikuwa kimeshachaguliwa, cha manjano chenye maua meupe, kila mwanamke avae tibuta ya kitambaa hicho hicho. Kushona tibuta ni kazi yangu tangu ujana. Ni blauzi pana tu, lakini pale shingoni na mikononi pana mikunjo ya uzi wa lastiki, mstari juu ya mstari, na mistari ikienda upande hata kipofu ataona. Nilikuwa na miezi minne ya kushona tibuta arobaini na moja. Nikaanza kusoma majina. Nilipofika kwa Taoriba, akasimama.

"Mimi nifute hapo, wifi. Yangu nitashona mwenyewe."

Maneaba nzima ilicheka. Taoriba hakuwahi kushona hata kifungo. Sketi zake zikifumuka alikuwa akinitupia mlangoni na kukimbilia kazini.

"Utashonea mwiko?" aliuliza mmoja kutoka nyuma.

"Ataichemsha na magimbi ya babai mpaka ilainike!" akasema mwingine.

Akawaacha wacheke mpaka wakachoka wenyewe. Alikuwa mwanamke mnene, mtaratibu, na akisimama mahali anasimama kweli.

"Mmemaliza?" akasema. "Basi sikilizeni na hili. Siku hiyo siko jikoni. Nitakaa hapa, kwenye mikeka, pamoja nanyi, nimevaa nilichokishona kwa mkono wangu. Nisipokuwa nacho sikai. Nitarudi kwenye masufuria yangu, na msiniulize tena mpaka nife."

Hapo hakuna aliyecheka. Alikuwa ameshasema ndani ya maneaba.

Tulipotoka nilimfuata njiani. Nilikuwa na hasira kidogo, nakiri. Nilikuwa nimemshonea tangu alipoolewa kwetu.

"Wifi, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea. Tibuta zako ni nzuri."

"Sasa aibu yote hii ya nini? Ukitaka kukaa mbele, kaa. Nani atakukataza?"

Akaniita kwa jina langu. "Akoia, mimi napika tangu sijaolewa. Kila nilichotengeneza kwa mikono hii kimeliwa kabla ya saa nane mchana. Kesho naanza tena. Nataka kutengeneza kitu kimoja kisicholiwa. Kimoja tu, nikione kesho yake."

Nikamwambia aje kwangu Jumatatu ajaribu cherehani yangu.

Cherehani yangu ni ya kukanyaga, ya chuma, yenye meza yake. Mtu aliyezoea hukanyaga bila kufikiri. Taoriba alikanyaga, gurudumu likarudi nyuma, uzi ukakatika. Tukatunga upya. Akakanyaga tena, likaenda mbele kwa kasi, kitambaa kikakimbia na sindano ikapita karibu na ukucha wake.

"Wifi, unaipiga mateke kama mbwa aliyeiba samaki," nikasema.

"Inanikimbiza! Naiambia twende polepole, haisikii."

"Miguu ndiyo inayoiambia."

"Miguu yangu imezoea kusimama tu."

Alijaribu siku nne, kila alipotoka bwenini. Siku ya nne akakunja kitambaa chake taratibu, akasema hii si yake. Hakusema ni mbaya. Alisema mtu anayeanza anahitaji mashine itakayomngoja.

Wiki iliyofuata tulivuka kwenda kisiwa cha Tarawa, mimi na yeye, mpaka mjini Betio, kwenye duka walilotuambia lina cherehani mpya za umeme. Kijana wa dukani aliitwa Tiaon, mchangamfu, mikono laini. Akatutolea moja nyeupe, nyepesi kama sanduku la biskuti. Akaiwasha. Ikashona maua, ikashona mawimbi, ikashona bata waliofuatana.

"Mishono sitini, mama," akasema.

"Mimi nataka mmoja," Taoriba akamjibu. "Unyooke."

"Huo upo pia!"

"Haya." Akafungua pochi, akatoa kibunda cha uzi wa lastiki alichokichukua kwangu. "Huu weka kwenye bobini. Tibuta hushonwa hivyo. Juu uzi wa kawaida, chini lastiki."

Tiaon akaufunga kwenye bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi wa chini, akabonyeza. Mashine ikauvuta uzi mpaka ukawa mwembamba kama unywele, ukakatika, ukamrukia usoni. Tukacheka, hata yeye akacheka. Akajaribu mara ya pili, yakawa yale yale.

"Huo uzi si wa mashine hii, mama."

"Unaweza kuzungushwa kwa mkono," nikasema, kwa maana ndivyo tunavyofanya, na nilitaka anunue tu turudi nyumbani. Bahari ilikuwa inachafuka na mimi natapika haraka.

Taoriba hakuwa ananisikiliza. Alikuwa anaigusa ile mashine kwa kidole, akiitazama ilivyong'aa.

"Nyumbani tuna kioo kimoja cha jua juu ya paa," akamwambia Tiaon. "Kinawasha taa mbili na kuchaji simu. Hii itakula nini?"

"Utanunua na kifaa cha kubadilishia umeme. Tunacho."

"Nilijua mnacho." Kisha akanigeukia, akapunguza sauti. "Na tena wifi, itazame ilivyo nzuri. Nikishuka nayo ufukweni, itafika Jumapili ikiwa bado yangu?"

Nilicheka kwa sababu alisema kweli. Kwetu ndugu akikujia na bubuti, akakuomba kitu kwa jina la undugu, humnyimi. Ukimnyima aibu ni yako, si yake. Binamu zetu upande wa Ruteru ni watu wema wanaompenda Mungu, na wangeimaliza ile mashine nyeupe kabla ya ibada ya jioni. Mimi mwenyewe nilishapoteza hivyo baiskeli mbili na redio.

Tukarudi mikono mitupu. Ruteru alitungoja ufukweni na toroli, amelisafisha kabisa.

"Iko wapi?"

"Dukani," akasema mke wake. "Inashona bata."

"Taoriba, mmevuka bahari kwenda na kurudi! Bado miezi mitatu. Utavaa bata basi?"

"Baba Rotia, nitanunua mara moja tu maishani. Niache ninunue vizuri."

Hapa lazima niseme kitu. Siku zile zote nilikuwa naishi na woga. Taoriba angeweza kuja kwangu na bubuti aichukue cherehani yangu, awe nayo nyumbani kwake, aizoee polepole apendavyo. Yeye alikuwa mke wa kaka yangu. Nisingeweza kukataa. Nilikuwa nikimwona anakuja njiani namwomba Mungu amzibe mdomo. Sijui Mungu alilipokeaje ombi la namna ile. Lakini Taoriba alikuja, akanywa maji, akaondoka, na hakuomba.

Ikabaki cherehani moja tu kijijini, ya mzee Kamoriki. Hiyo ilikuwa ya mkono, ya mke wake aliyefariki, na ilikuwa imekwama miaka sita. Kamoriki aliitumia kugandamizia kifuniko cha pipa la maji ya mvua upepo usikipeperushe. Nilimwambia Taoriba asijisumbue. Nilishajaribu kuizungusha mwenyewe mwaka aliofariki mama yule. Ilikuwa imekufa, na mimi ndiye niliyemwambia Kamoriki hivyo.

"Hata hivyo tukaisalimie," akasema.

Mzee Kamoriki alikuwa binamu wa mama yake Taoriba, kwa hiyo alimwita mjomba. Akaiteremsha kutoka kwenye pipa kwa mikono miwili na kuiweka mkekani, nyeusi, ina mavi ya kuku.

"Mtazame marehemu," akasema. "Akifufuka niiteni nije kuungama."

Taoriba akashika mkono wa gurudumu. Haukusogea. Hakulazimisha. Akaomba kisu, akafungua kile kibati chini ya sindano, akainama mpaka pua ikagusa chuma. Akanusa. Akakwangua kwa ukucha, akatoa kitu cha rangi ya njano iliyokolea, kinachonata, kimeshikana na nyuzi na vumbi.

"Wifi, njoo unuse."

Nikanusa. Ilikuwa harufu ya mafuta ya nazi ya zamani, na ndani yake bado mna maua, yale tunayotia kwenye mafuta ya kujipaka.

"Hii si kutu," akasema Taoriba. "Kutu siijui. Hii naijua. Kila muhula wa shule nasugua hii kwenye makarai. Mafuta yakikaa, yakila vumbi, yanakuwa gundi. Chuma cha chini ni kizima. Mashine hii haijafa, mjomba. Imeungua kama sufuria tu."

Mimi nilikaa chini. Nilikuwa nimekumbuka. Mke wa Kamoriki alipokuwa mgonjwa nilikuja kushona pale nguo za msiba wa ndugu yake. Mashine ilikuwa inalia. Nikachukua chupa yake ya mafuta ya kujipaka, nikajaza kila tundu, ikanyamaza, nikaona nimefanya vizuri. Nani kwetu asiyefanya hivyo? Nywele, ngozi, bawaba za mlango, mnyororo wa baiskeli, vyote ni mafuta ya nazi. Miaka baadaye baharia mmoja ndiye aliyeniambia kwamba cherehani ina mafuta yake, mepesi. Nikayatumia kwenye ya kwangu. Ile nyingine sikuikumbuka hata mara moja.

"Mimi ndiye niliyeyatia," nikasema.

Kamoriki akanitazama. Taoriba naye akanitazama. Nilingoja neno lile ambalo mimi ningelisema kama ningekuwa yeye, baada ya kuchekwa, na maneno yangu ya mbwa na mateke, na yote.

"Basi wifi," akasema, "wewe utasugua upande wa sindano. Mimi nitasugua upande wa gurudumu."

Mzee alitaka kumpa bure. "Omba tu, mwanangu. Ukiomba nakupa."

"Siombi, mjomba. Nanunua. Nikiomba, kesho mwingine ataniomba na nitampa. Nikinunua, nitasema ni jasho."

"Hiyo si sheria ya kwetu."

"Najua. Lakini itazame ilivyo mbaya. Nani atakuja kuiomba?"

Kamoriki akacheka mpaka akakohoa. Wakapatana.

Tulisugua siku tatu. Mafuta ya taa, mswaki wa zamani, manyoya ya kuku kwa pale pasipofika mswaki. Taoriba aliloweka kila kipande kwenye bakuli kama mtu anayeloweka samaki wa chumvi, hana haraka. Siku ya kwanza gurudumu lilisogea kiasi cha ukucha. Mimi nilifurahi nikataka kulivuta kwa nguvu, akanipiga mkono.

"Acha. Sufuria iliyoungua hukwangui. Unailoweka, unaenda kusali, unarudi."

Basi tukasali kweli. Alasiri ya siku ya tatu, gurudumu likazunguka lote, sindano ikapanda ikashuka. Taoriba alilizungusha pole pole, mara nyingi, bila uzi wala kitambaa, anaangalia tu. Nikampa chupa yangu ndogo ya mafuta ya cherehani. Ndiyo hiyo ninayotumia mpaka leo.

Ile mashine ilimfaa kwa namna ambayo mimi fundi sikuwa nimeifikiria. Mkono wa kulia unazungusha, wa kushoto unaongoza kitambaa, na ukiogopa unasimama katikati ya mshono, sindano inakungoja humo humo. Alijifunzia kwenye magunia ya unga ya bweni. Mistari ya kwanza ilikwenda kama kaa. Wiki ya tatu ikaanza kunyooka. Alikuja kunionyesha kila jioni, gunia mkononi, akisema, "Tazama wifi, hii haijaliwa."

Tibuta yenyewe ilimtesa. Bobini ya lastiki aliikaza mno alipoizungusha, na shingo ikajikunja ikawa ndogo kama ya mtoto. Alipojaribu kuivaa ilimkwama juu ya masikio, tukabaki tunamsikia anaongea ndani ya kitambaa.

"Ruteru! Unacheka nini? Nivute!"

Zilibaki siku tisa. Nilimwambia nipe mimi, nifumue nishone, dakika kumi tu, hakuna atakayejua.

"Mimi nitajua," akasema kutoka ndani ya tibuta. "Na wewe utajua. Na Mungu hana kazi nyingine siku ile, atakuwa ananitazama mimi tu."

Akafumua mstari mmoja mmoja kwa sindano, siku mbili. Akashona upya. Mkono wa kushoto ulitoka na mikunjo mingi kuliko wa kulia, basi bega moja likawa limejaa na jingine limelala. Aliuona. Akasema hiyo ndiyo hiyo.

Siku ya jubilei tulikaa mistari, manjano tupu kuanzia nguzo hadi nguzo, tumejipaka mafuta, tuna maua kichwani. Taoriba alikaa mstari wa tatu kutoka mbele, kando yangu, bega lake lililojaa likinigusa. Hakuwa amewahi kukaa pale siku ya sherehe. Alikuwa hajui aweke wapi mikono. Mchungaji alipokuwa katikati ya shukrani, akaja mwanamke kutoka jikoni, anatambaa kando ya mikeka, uso umejaa jasho.

"Taoriba! Wali unaungua! Sufuria kubwa! Njoo!"

Alinong'ona, lakini kwa namna ambayo maneaba nzima ilisikia. Vichwa vikageuka. Nilijua mwili wake tayari umeanza kuinuka, kwa sababu niliuhisi begani kwangu. Miaka yote ile mwili ule ulikuwa ukiinuka ukiitwa. Magoti yake yalisogea. Kisha akashika mkeka kwa mikono miwili.

"Ondoa kuni zote," akasema, naye ananong'ona kwa sauti. "Usikoroge. Funika kwa majani mabichi, acha ipoe. Kilichoungua kiache chini, pakua cha juu."

"Huji?"

"Siji. Nimekaa."

Mwanamke yule akabaki anamtazama. Kutoka nyuma mtu akasema, "Amekaa, dada. Nenda." Nadhani alikuwa yule yule aliyemtania kwa mwiko. Mchungaji akaendelea. Wali ulikuwa na harufu ya moshi siku ile, na tuliula wote, na Taoriba alikula sahani mbili.

Baada ya hapo alishona miaka miwili. Hakuwa fundi mkubwa, sitamsifu uongo. Aliwashonea binti yake Rotia na wajukuu, akashona mapazia ya bweni, na hakuna ndugu aliyewahi kuja na bubuti kuitaka ile mashine nyeusi. Halafu sukari ikamzidi, ikashika mguu, kisha figo, na kwa wiki sita tu tukawa tunamwimbia nyimbo za msiba.

Mimi ndiye niliyemvisha. Nilikuwa nimeshona tibuta nyeupe, mpya, mikunjo yake sawa sawa, pengine ndiyo bora kuliko zote nilizowahi kushona. Nilikuja nayo mkononi. Ruteru akafungua sanduku la nguo, akatoa ile ya manjano, akaishika mbele yangu. Nikaiweka ya kwangu chini. Tulimvisha yake, bega moja limejaa na jingine limelala. Kulikuwa na uzi mmoja unaning'inia mkononi, na nilishika mkasi, mazoea ya kazi. Nikauacha.

Cherehani iko kwa Ruteru. Ningeweza kumwomba, mimi ni dada yake, na hawezi kunikatalia. Miguu yangu inachoka na kukanyaga siku hizi, ile ya mkono ingenifaa. Sijamwomba, wala sitamwomba. Jumamosi nitapita na chupa yangu ya mafuta.